Picha ya Kupinda mu Salon ya Commandant

Hakuna kitu ya télé yenye inaweza kunishangaza. Muandike ile neno ku ukuta ya atelier, karakana yangu, kama munataka. Nimefungua télé nikakuta ndani panya na batoto yake, nikakuta rozari, nikakuta chapati ya kukauka, na mara moja ngozi ya nyoka imejikunja vizuri pembeni ya transfo, mwenyewe amekwisha kwenda. Nimetengeneza télé ya bapadri, ya bacommerçants, ya basoda, baaskari wa kila rangi ya béret. Sasa macho yangu imechoka, na ninyi munanunua zile télé za kubandika ku ukuta sawa kalenda, zikikufa munatupa. Bon. Nimefunga atelier. Mais ninyi mafundi vijana muliniomba niandike vile tulikuwaka tunafanya kazi, zaidi juu ya ugonjwa ya picha kupinda, sababu kungali batu hapa Butembo benye banatosha télé za zamani mu stock, za mbao, za lampes, zile taa za kioo za ndani, banataka zifufuke. Nilisoma paka mwaka ya ine ya primaire kule Kayna, donc mutanisamehe mistari. Kwa picha, hapana. Kwa picha hakuna ingénieur atanifundisha.

Nilianzia Beni, ku mutaa wa Beu, kwa muzee Ramazani. Alikuwa Muislamu, mutu ya safari. Alikuwaka anachukua lampes Kampala, anazipitisha Kasindi ndani ya gunia ya nguo, na akiwa nyumbani anatengeneza télé na radio ku baraza yake. Mimi nilifika pale juu ya camion ya viazi, na shati moja. Siku ya kwanza alinipa kazi ya kushika kioo. Kioo tu, ile ya kunyolea ndevu. Télé ikifunguliwa mugongo, fundi iko nyuma, picha iko mbele. Kama hakuna kioo mbele yake, hataona anafanya nini. Nikaishika muchana muzima, mikono ikauma. Mangaribi nikajiambia sasa najua kazi. Nikaingiza mukono kugusa ile kofia ya raba yenye iko juu ya tube, ile chupa kubwa ya picha. Courant ya umeme ikanirusha, nikajikuta nimekaa kati ya kuku ya jirani.

"Sasa unajua," muzee akasema. "Mukono moja mu télé, mukono ingine mu mufuko. Ukisahau, tutakuzika na ile ingine ingali mu mufuko."

Courant haikuwaka kila siku. Fer à souder, chuma ya kulehemu, tulikuwa tunaipasha mu makala, unaitosha nyekundu, unapiga soudure mbio mbele haijapoa. Njo ilinifundisha mukono mwepesi. Ninyi munapulizia hewa ya moto na kusikiliza muziki.

Muzee Ramazani hakusoma Kifaransa. Majina yote ya bitu alichukua ku masikio. Condensateur, ile kopo yenye inachunga courant, ilikuwa "kondesa." Bobine yenye inavaa shingo ya tube, yeye aliita "kola." Na aimant, ile sumaku, aliita "ama." Sisi wote wa Beu tukasema ama, na mu Beni yote hakuna fundi alikosa kutuelewa.

Sasa ile ugonjwa. Picha ikipinda, usikimbilie tube, sababu tube ni bei na mwenye télé atalia. Anza na courant. Groupe, ile machine ya kutoa courant, ikikohoa, picha inacheza sawa nguo ku kamba. Tengeneza groupe, picha itatulia yenyewe. Kama groupe iko muzuri, angalia zile kondesa kubwa. Zikikauka, pembeni za picha zinaingia ndani na kila mutu anakuwa na kiuno, hata bazee. Kisha kola: ikiteleza ku shingo ya tube, dunia yote inalala upande sawa mulevi, na unaigeuza polepole, unaifunga. Kuko sababu ingine tena, yenye mafundi wengi hawajui. Ile nitaisema mbele kidogo, juu njo ilitaka kuniua.

Nilihamia Butembo, nikafungua atelier yangu karibu na soko, na batu bakaacha kuniita Kakule, bakanipa jina Docteur Image, munganga wa picha. Sikujipa mimi mwenyewe. Balikuwa banatoka paka Kanyabayonga na télé ya kufunga mu blanketi. Kisha vita ikafika, na ingine nyuma yake, na barabara zikafungwa, na basoda bakawa sawa lampes: hii inatoka, ingine inaingia, moto ni ile ile. Sitasema ni mouvement gani, kundi gani ya bunduki. Bengine bangali hai, na mimi pia.

Jeep ilikuja siku ya posho, jumamosi, jua ingali juu. Soda moja, mwenye kovu ku kidevu, akashuka na kunisemesha mu Lingala, nikuje, commandant ananiita.

"Yo nde Docteur Image? Yaka. Commandant azobenga yo."

"Niko na kazi ya batu hapa, afande."

"Kazi ya batu inangojaka," akasema, sasa mu Swahili nisikie vizuri. "Ya commandant haingojaka."

Nikachukua mufuko ya vyombo. Mama moja wa mboga akafanya ishara ya musalaba, na nikaona wazi haikuwa juu ya mboga.

Commandant alikaa ku kilima, mu nyumba ya commerçant mwenye alikimbilia Kampala. Salon, ile sebule, ilikuwa na viti bado mu plastiki, na kati kati télé ya mbao, nzito sawa kabati, ya lampes, ya nyeupe na nyeusi, yenye balitosha mu plantation ya kahawa ya zamani. Sikuuliza vile ilifika. Mu ile miaka, kuuliza vile kitu kilifika ni kuomba bakueleze na fimbo.

Yeye alikuwa mutu murefu, mwembamba, na sandale, na parfum mingi. Akaingiza cassette mu magnétoscope. Ilikuwa sherehe fulani, fanfare, batoto ba shule, na mutu ku tribune, juu ya jukwaa, anasema discours. Mais uso ya ule mutu ilivutwa juu upande wa kushoto, mudomo imefika ku sikio, jicho moja kubwa sawa yayi.

"Ni nani ule?" akaniuliza.

Swali mubaya. Nikisema ni wewe, nimemutukana. Nikisema simujui, ni vilevile.

"Ni mutu mukubwa, mon commandant," nikasema. "Mais télé haimuheshimu."

Akaniangalia sana. Kisha akasema polepole, sawa mutu anaagiza chai: "Leo saa kumi na moja bacommerçants na bachefs banakuja hapa kuangalia hii cassette. Batu bakiniona hivi, batasema nimerogwa. Asubui nilileta fundi mwingine. Alisema tube imekufa. Unamusikia?"

Nikasikia. Nyuma ya nyumba kulikuwa shimo mu jardin, shimo ya maji, na ndani mutu anakohoa. Nilijua ile kikohozi. Ni Katembo, fundi wa upande ingine wa soko, mwenye nilikuwaka namuita fundi wa madebe.

"Mule mu shimo kuko nafasi ya mutu wa pili," commandant akasema, akatoka.

Sasa mimi Docteur Image, mwenye mukono mwepesi, nilishindwa kufungua vis ya kwanza. Tournevis, ile bisibisi, niliingiza na upande wa mupini. Madame, bibi ya commandant, binti bado, wa Beni kwa kusema kwake, alikuwa amekaa pale. Akanihurumia, akasema atanishikia kioo. Akapiga magoti mbele ya télé, akaniinulia.

"Papa Docteur," akasema chini chini, "tengeneza. Ukishindwa atasema ni mimi nilienda kwa mulozi."

"Nitatengeneza, mama."

"Hata ule wa asubui alisema vile."

Nikaanza sawa muzee alinifundisha. Groupe: inaimba vizuri, haikohoi. Kondesa: nikabadilisha mbili zenye zilikuwa zinavuja, picha ikang'aa, uso ikabaki ya kupinda, sasa tu ilipinda na mwangaza. Kola: nikaigeuza huku, nikaigeuza kule, tribune ikalala, ikasimama, na ule mudomo ukabaki ku sikio. Jasho ilikuwa inadondoka mu chassis, na jasho na lampes si barafiki. Kila mara Katembo akikohoa, nahesabu mbavu zangu.

Kulikuwa vis moja ya nyuma sikuifikia. Nikasukuma télé yote, nikaigeuza upande ya mulango. Madame akasema: "Aa! Sasa mudomo umeenda ku sikio ingine."

Njo pale. Muisome mara mbili: ukigeuza télé na kupinda kunahama upande, ugonjwa haiko mu télé. Iko mu nyumba. Kitu fulani pembeni kinavuta ule moto wa ndani ya tube mbele haujafika ku kioo, sawa mutu anavuta pembe ya nguo. Nikafunga tournevis kidogo na uzi, nikaiacha ining'inie, nikatembea nayo mu salon polepole sawa padri na chetezo. Karibu na viti ilining'inia tu. Karibu na mulango, vilevile. Karibu na ukuta wa kushoto, kwenye kulikuwa rideau, pazia mukubwa mwekundu, ikainama. Ikaelekea rideau, uzi imekazika.

Sumaku. Mukubwa. Sikufungua rideau, sababu mu nyumba ya soda haufunguaki kitu yenye hawakukuambia ufungue. Mais furaha ilinipanda ku kichwa. Pale pale commandant akaingia kuangalia saa, na mimi nikataka nimusemeshe sawa docteur wa kweli, na Kifaransa ndani.

"Mon commandant, nimepata! Télé yenu haina kosa. Kuko ama nyuma ya rideau."

"Kuko nini?"

"Ama, mon commandant. Njo inaharibu figure yenu mbele ya batu."

Akaangalia madame, mwenye alikuwa amepiga magoti na kioo mu mikono.

"Iko nyuma ya rideau? Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Tena iko mukubwa. Iko na nguvu, ile! Nafikiri iko pale siku mingi, ninyi tu hamukuiona."

Batoto yangu, musikilize vizuri. Mu Swahili yetu, mutu iko, meza iko, mbuzi iko. Ningekuwa mutu wa Tanzania, labda ile maneno yangetengana mu mudomo yangu. Na mu Kifaransa, nilikuja kujifunza nyuma, aimant ni sumaku, na amant ni mwanaume mwenye anatembea na bibi ya mutu. Kati yao ni sauti kidogo tu, na ile sauti muzee Ramazani aliiacha Kampala.

Commandant akatosha pistolet. Hakupiga kelele, ingekuwa heri apige. Kioo kikatoka mu mikono ya madame, kikavunjika.

"Chéri, naapa mbele ya Mungu..."

"Nyamaza." Akaelekeza ile chuma ku rideau. "Wewe. Toka."

Rideau haikutoka.

"Hataki," akaniambia mimi, sawa niko shahidi yake.

Sasa nikaelewa kuko kitu kimeharibika mu maneno, mais sikujua ni neno gani. Nikataka kusema si mutu. Nikaweza tu: "Ama... ama..." na kuonyesha na kidole. Yaani niliongeza kuni.

Akapiga. Mu salon ile sauti haiko sawa sauti ya risasi ku barabara. Inaingia mu meno. Mu télé batoto ba shule balikuwa banapiga makofi. Madame alijilaza chini, mikono juu ya kichwa. Mimi nilibaki wima, tournevis ingali ku uzi mu mukono. Nyuma ya rideau hakuna mutu alilia. Kitu kilifanya tu pruuu, sawa karatasi inapasuka.

Soda mwenye kovu akaingia mbio, akavuta rideau yote chini na fimbo yake.

Baffles mbili, zile sanduku za sauti, ndefu karibu sawa mutu, zimepakwa rangi ya bluu, na ku pembe ya kila moja musalaba kidogo mweupe. Moja ilikuwa na tundu kati kati.

Nilizijua. Ile ya tundu niliitengeneza kwa mikono yangu, mu paroisse, ku kanisa. Ziliibiwa mbele kidogo ya pale, na commandant mwenyewe alisimama nyuma ya misa, mbele ya bakristu wote, akaapa atampiga mwizi risasi ku soko. Butembo yote ilipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Akaangalia baffle. Akaangalia ule musalaba. Kisha akaniangalia, na pistolet ingali mu mukono.

"Umeona nini?"

Yule soda mwenye kovu alihama, akasimama mbele ya mulango.

"Nimeona sumaku, mon commandant," nikasema, na mara hii nilisema Swahili kila herufi. "Ile ya ndani ya baffle. Inavutaka picha."

"Baffle ya nani?"

Nimeshika kofia ya tube yenye moto mara mingi mu maisha yangu. Hakuna mara yenye niliogopa sawa ile swali.

"Ya hii nyumba, mon commandant."

Nikasikia groupe, nikasikia Katembo. Kisha commandant akaanza kucheka. "Aimant! Aimant, amant! Ule mujinga alikuwa ananifanya niue bibi!" Soda akacheka juu chef anacheka. Madame akacheka na machozi. Mimi nilicheka mwisho, na meno tu.

Balipeleka baffles ku cuisine, kule jikoni. Nikageuza télé pahali pake, nikairudisha kola vile ilikuwa. Picha ikajinyoosha sawa shati chini ya pasi. Mutu ku tribune alikuwa na mudomo pahali ya mudomo. Commandant akajiangalia sana, akashika kidevu.

"Kumbe niko muzuri vile," akasema.

Kisha akanielekeza cuisine. "Ile yenye kufa utaibeba, utaitengeneza, utairudisha. Ni wewe ulinipigisha."

Hapa njo naomba munipe heshima yangu, sababu pale pale niliwaza. Nikasema: "Mon commandant, ile kitu ni uzito. Inaomba batu mbili. Munipe ule fundi wa mu shimo."

"Ule njo alisema tube imekufa."

"Njo maana, mon commandant. Hana kazi ingine anaweza, aje abebe."

Akacheka tena. Katembo akatoka, miguu nyeupe, imekunjamana sawa ya mutu mwenye alifua nguo ya mwezi. Mpaka leo anasema nilimutukana mbele ya basoda. Mpaka leo anasema ile na mudomo yenye ingali hai sababu yangu.

Tuliifunga na ule rideau wa tundu, tukateremuka kilima, yeye mbele, mimi nyuma. Batu banatusalimia, banafurahi, "Docteur umerudi!" Tulipofika karibu na soko rideau ikateleza, Katembo akageuza kichwa.

"Kakule. Hii ni ya paroisse."

"Ni meza."

"Meza iko na musalaba?"

"Ni meza ya kusalia. Tembea!"

Akatembea. Hakugeuza kichwa tena mpaka ku mulango ya atelier.

Nikaificha mu atelier nyuma ya chassis za zamani. Kuitengeneza sikuweza, haut-parleur, spika ya ndani, ya vile haikuwa Butembo, na kuiuliza kwa bacommerçants ni kujitangaza. Kuirudisha paroisse: commandant atajua. Kuirudisha kwake bila kutengeneza: shimo. Nilikuwa nafungua atelier kila asubui sawa mutu anafungua jeneza yake mwenyewe, na jeep ikipita nadondosha vis. Kisha, asubui moja, ile basoda bakaondoka, bengine bakaingia. Commandant alienda na madame, na télé, na baffle ya pili. Nikasema wasingya, asante kwa Mungu, imekwisha.

Haikuisha. Mama Kavira, mukubwa wa bamama ba paroisse, alileta radio yake, na wakati natafuta pile za radio akaangalia nyuma ya chassis.

"Docteur," akasema, bila kupandisha sauti, "ile bluu ni yetu."

Bakaniita mbele ya conseil, bakubwa ba paroisse, mu salle. Nikajiandaa nitasema yote, vile ilikuwa, kuanzia jeep. Nikafungua mudomo. Pale ku dirisha, inje, soda wa béret mupya alikuwa ameegemea ukuta anakula ndizi. Kovu ku kidevu. Alibadilisha mouvement, akabaki na sisi. Akaniona, akaacha kutafuna.

"Kakule, ulitosha wapi ile kitu?" Mama Kavira akauliza.

"Nilinunua ku barabara," nikasema. "Kwa mutu simujui."

"Na ya pili?"

"Ile sijui."

Bakanong'ona. Bakasema mwenye ananunua bitu ya kanisa ku barabara anajua anafanya nini, na atalipa yote mbili. Ku dirisha, ule mutu akarudilia ndizi yake. Nikasema ndiyo.

Nikalipa haut-parleur mupya ya Kampala, nikalipa baffle nzima ya pili yenye sikuigusa hata na kidole, nikalipa camion kutoka Kasindi, nikalipa kopo ya rangi ya bluu. Nikazifunga mwenyewe mu kanisa, na zililia vizuri, hakuna mutu Butembo angezifunga vile. Siku ya Mungu padri akapima micro, akaomba tusali juu ya bezi benye banatubu, na kanisa yote ikanigeukia. Mimi niliangalia altare. Pesa yenye ilinitoka yote: dola mia mbili makumi ine na moja.